Karanga Hazina Kosa: Mwongozo wa Kula kwa Mwenye Chunusi

Karanga zimesingiziwa vya kutosha. Kijana akitokwa na chunusi mbili kidevuni, wa kwanza kumwona pale nyumbani atamwambia aache karanga. Wa pili atataja mayai, wa tatu parachichi, na shangazi aliyepita kusalimia atamalizia na pilipili. Hatakosekana na wa kucheka kwamba dawa yake ni kuoa tu. Basi kijana wa watu anaacha karanga, anaacha mayai, anaacha parachichi, na njaa ikimbana saa nne asubuhi anakula maandazi mawili na kuyashushia kwa soda baridi. Mwezi unakatika, uso uko vilevile au umezidi, naye anaamua kwamba chakula na ngozi havijuani.

Vinajuana, ila si kwa njia aliyoelekezwa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chunusi za kawaida, awe na miaka 15 au 35, anayetaka kujua abadilishe nini mezani, aanze na kipi, na asubiri muda gani kabla ya kusema imefaa au haikufaa. Niseme mapema ili tusidanganyane: chakula ni msaidizi. Kwa wengine ni msaidizi mkubwa, kwa wengine hutaona alichofanya, na chunusi kali zenye mabonge magumu chini ya ngozi haziponi kwa mchicha.

Mafuta ya usoni yanatoka wapi

Kila kitundu cha unywele usoni, kifuani na mgongoni kina tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Balehe ikiingia, homoni za kiume, ambazo wasichana nao wanazo, huziamuru tezi hizo zizalishe zaidi. Seli za ngozi zilizokufa hugandamana mdomoni mwa kitundu, mafuta yanakosa pa kutokea, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, anashamiri mle ndani. Mwili unajibu: panavimba, panauma, panatunga usaha. Uchafu hauhusiki hapo, na kusugua uso kwa sabuni ya kufulia mara tano kwa siku kunaichokoza tu ngozi ambayo tayari imekasirika.

Mafuta hayo hayatoki kwenye kikaango. Tezi huyatengeneza yenyewe kwa amri ya homoni, na sukari inapitia mlango huohuo. Ukila kitu kinachopandisha sukari ya damu kwa kasi, kongosho humwaga insulini nyingi. Insulini ikikaa juu, huipa nguvu homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1, na mbili hizo kwa pamoja huchochea homoni za kiume na kuzihimiza tezi za mafuta. Andazi moja la leo halitafanya hivyo. Yanayofanya hivyo ni mazoea ya kutwa nzima, siku baada ya siku, kwa miezi.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walikataa jambo hili. Sababu mojawapo ni utafiti wa Marekani wa mwaka 1969, ambamo watu 65 wenye chunusi walilishwa vipande vya chokoleti kwa wiki kadhaa, kisha vipande vingine visivyo na chokoleti, na tofauti haikuonekana. Vitabu vikaandika kwamba chakula hakina neno. Waliokuja baadaye kuusoma vizuri waligundua kwamba vile vipande vya kulinganishia vilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na vya chokoleti. Kakao ilisamehewa kwa haki pengine, lakini sukari haikupata kushtakiwa.

Mwaka 1990 daktari wa Uswidi, Staffan Lindeberg, alikwenda Kitava, kisiwa kidogo cha Papua New Guinea. Alikagua watu 1,200, wakiwamo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yanasema hakuona chunusi kwa yeyote. Walikuwa wakila nini? Viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Msomaji wa Pemba au Mafia atadhani anasomewa chakula cha bibi yake. Wanga ulikuwa mwingi kuliko kitu kingine chochote sahanini mwao. Kilichokuwa adimu ni sukari ya dukani, unga mweupe na vitu vya pakiti. Bila shaka watu wa Kitava wanatofautiana nasi kwa mengi, kuanzia nasaba hadi jinsi siku yao inavyokwenda, kwa hiyo mtu asikimbilie kusema ni chakula peke yake.

Ndipo ukaja utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2007. Vijana wa kiume 43 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Waliopewa chakula kisichopandisha sukari kwa kasi walipungukiwa kwa wastani na chunusi zaidi ya 23. Wenzao walioendelea kula kawaida walipungukiwa na 12. Kundi la kwanza lilipungua na uzito pia, kwa hiyo huwezi kujua kwa uhakika ni kipi kilifanya kazi. Mimi kinachonivutia zaidi ni ile 12 ya kundi la pili. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Jirani anayekuapia kwamba juisi ya karoti ilimponya hasemi uongo; pengine chunusi zake zilikuwa njiani kuondoka.

Kabla hujagusa sahani

Angalia kwanza unachopaka na unachomeza. Hakuna mlo utakaoshinda mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazouzwa mitaani huchanganywa steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni. Mwanzoni uso hutulia na kung'aa, kisha hujaa vipele vya ukubwa mmoja, na ukiacha ghafla hulipuka zaidi. Kama ndiyo hali yako, nenda kwa mtaalamu wa ngozi akusaidie kuacha kwa utaratibu, ugali na maharage uviache hadi hapo baadaye.

Vipele vimejipanga juu ya paji la uso, karibu na nywele? Tazama mafuta ya nywele. Mafuta mazito ya kupaka kichwani hushuka usoni na kuziba vitundu, jambo ambalo madaktari wa ngozi waliliandika tangu mwaka 1970. Sogeza mafuta mbali na paji, funga kitambaa usiku, na ufue foronya. Kuna pia dawa zinazoleta chunusi: vidonge vya steroidi, vitamini B12 kwa dozi kubwa, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, mwulize aliyekuandikia. Na mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi, huku akiota ndevu kidevuni, akapimwe homoni kabla ya kuhangaika na vyakula.

Anza na kikombe

Kama utabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma haya, liwe unachokunywa. Vinywaji ndipo sukari inapoingia mwilini kwa wingi na kwa kasi bila kukushibisha, na ndipo mabadiliko yasipogharimu kitu. Kwa kweli yanakubakizia hela.

Chukua kalamu. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, ingawa kile chetu cha kilima kina zaidi. Vitatu asubuhi ni gramu 12. Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37. Chai ya jioni, vijiko vitatu tena, 12. Umefika 61, na hatujagusa andazi wala keki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25. Juisi imo kwenye hesabu hiyo, hata ile uliyoikamua mwenyewe.

Soda iache kabisa kwa muda wa majaribio. Sisemi uipunguze, kwa sababu chupa moja inamaliza zile gramu 25 za siku nzima na kuzivuka. Vinywaji vya kuongeza nguvu viende nayo. Juisi ya miwa ni sukari iliyotiwa tangawizi na ndimu, tamu sana, lakini tusiipe heshima ya dawa. Ukwaju na ubuyu vina uchachu wao mzuri. Tatizo ni kile kikombe cha sukari kinachofuatia, kwa hiyo vitengeneze nyumbani na umimine robo ya sukari uliyozoea. Dafu halina neno kubwa. Maji ni maji.

Chai ishushe polepole: kijiko kimoja kila wiki. Ulimi huzoea kwa muda mfupi kuliko unavyodhani, hasa ukiongeza iliki, mdalasini au tangawizi. Asali isikudanganye kwamba ni ruhusa. Mwilini inapanda karibu sawa na sukari ya mezani.

Mwanafunzi wa bweni ana jambo lake la pekee. Chakula cha shule, ugali na maharage, ambacho kila mtu anakinung'unikia, si kibaya hata kidogo kwa ngozi. Kinachoharibu ni kopo la glukosi lililoko kwenye sanduku, linalolambwa kavukavu wakati wa kujisomea usiku. Wataalamu wa lishe wanapopima kasi ya vyakula kupandisha sukari ya damu, glukosi ndiyo rula yenyewe: wameipa 100. Mzazi anayefungasha sanduku la shule na aweke karanga za kukaanga mahali pa lile kopo.

Wanga: usiuache, uchague

Kwa kipimo hichohicho ambacho glukosi ni 100, jedwali la kimataifa lililochapishwa mwaka 2008 linatoa wastani huu: viazi mviringo vya kuchemsha 78, mkate mweupe 75, wali mweupe 73, viazi vitamu vya kuchemsha 63, ndizi za kupika 55, magimbi 53, maharage mekundu 24. Mkate wa ngano nzima una 74, karibu sawasawa na mweupe, kwa sababu ngano ikishasagwa laini kama vumbi haijali tena rangi yake. Anayelipa zaidi kwa mkate wa kahawia kwa ajili ya uso wake anamfurahisha mwoka mikate. Uji wa mtama au ulezi uko kwenye 67, na ukitiwa sukari umepanda tena.

Namba hizi zisikutawale. Tikiti maji lina 76, lakini kipande kimoja ni maji matupu na sukari kiasi tu, kwa hiyo mzigo unaoufikisha kwenye damu ni mdogo, kula. Kiasi ndicho kinachoamua, na hapa ndipo sahani zetu zinapokosea: mlima wa wali na mchuzi wa kuloweshea pembeni. Geuza uwiano. Nusu ya sahani iwe mboga, iwe mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, mlenda au kabichi, chochote kilicho sokoni siku hiyo. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, yai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya wali au ugali. Huhitaji mizani. Tonge la ugali lenye ukubwa wa ngumi yako linatosha kwa mlo mmoja, na kama unalima au unabeba mizigo kutwa, chukua ngumi mbili bila wasiwasi, maana misuli inayofanya kazi huichoma sukari hiyo.

Kuna mbinu ndogo za jikoni zinazopunguza kasi ya wanga. Anza kula mboga na kitoweo, ugali ufuate. Kamulia ndimu kwenye kachumbari; uchachu huchelewesha chakula tumboni. Wali na viazi vikipikwa, vikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa, hata ukivipasha baadaye, kwa hiyo kiporo kina sifa yake. Sharti kilale kwenye friji. Wali uliolala juu ya meza usiku kucha una njia nyingine za kukusumbua. Makande yanastahili kurudi kwenye meza za mjini, maana punje nzima ya mahindi pamoja na maharage huenda taratibu kuliko unga wowote. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na madini, ingawa nayo ikiwa mlima itafanya kazi ya mlima.

Chipsi mayai sitaipiga marufuku, kwa kuwa najua haitatii. Ila usiifanye kuwa chakula cha kila usiku, iombe nusu, ongeza kachumbari nyingi, na tomato ya chupa iache mezani. Nayo ina sukari. Maandazi, keki, biskuti na vitumbua vya sukari ndivyo vya kusogeza mbali zaidi, kwa sababu vinaliwa asubuhi wakati tumbo tupu na chai tamu ipo tayari. Badala yake kula yai la kuchemsha na kiazi kitamu, au muhogo wa kuchemsha na maharage, au ndizi mbivu na konzi ya karanga. Ndiyo, karanga. Hazipandishi sukari, zinashibisha, na hakuna ushahidi unaofaa wa kuzifungia. Parachichi vilevile. Pilipili itakutoa jasho, basi.

Maziwa, na kopo la mazoezini

Hapa ushahidi una ukungu. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard waliwauliza wauguzi wanawake 47,355 walikuwa wakila nini enzi za sekondari, na waliokunywa maziwa mengi ndio zaidi walioripoti chunusi kali. Uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Hebu fikiria kukumbuka vikombe vya maziwa vya miaka mingi nyuma. Tafiti za baadaye kwa wasichana na wavulana zilielekea upande huohuo, lakini hakuna iliyothibitisha kwamba maziwa ndiyo yaliyosababisha.

Ushauri wangu ni kwamba mtu anayetia maziwa kidogo kwenye chai asijisumbue. Mtoto anayekua asinyimwe maziwa kwa ajili ya vipele. Mtu mzima anayekunywa glasi mbili tatu kwa siku, na tayari ameshughulikia sukari bila mafanikio, anaweza kuyaacha kwa miezi mitatu aone, akipata kalisi kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta na mboga za majani.

Kopo la unga wa protini ni habari nyingine. Vijana wa jimu wanaolikoroga kila baada ya mazoezi, na kifua na mgongo vimejaa chunusi ghafla, waanze hapo. Unga mwingi wa aina hiyo hutokana na maji ya maziwa, na madaktari wameeleza kuhusu wagonjwa kadhaa waliopata chunusi baada ya kuuanza na wakapata nafuu walipouacha. Mayai, maharage, samaki na kuku hujenga misuli vizuri tu. Na kama kuna kitu kingine kinachouzwa jimu bila lebo, cha sindano au vidonge, hicho huenda ni homoni yenyewe. Ngozi itakuwa tatizo dogo kuliko yatakayofuata.

Cha kuongeza

Dagaa, awe wa Kigoma, wa Mwanza au omena wa Kisumu, pamoja na vibua na samaki wengine wenye mafuta, wana asidi za omega-3 zinazopunguza uvimbe mwilini. Majaribio ya omega-3 kwa chunusi ni madogo, lakini yameonyesha dalili njema, na hata kama uso hautabadilika moyo wako utashukuru. Kula mara mbili tatu kwa wiki. Madini ya zinki nayo yana nafasi: watu wengi wenye chunusi kali wamekutwa nayo kidogo kwenye damu. Utayapata kwenye nyama, dagaa, mbegu za maboga, maharage na kunde. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji yake, maana kuloweka, kama ilivyo kuchachusha uji au kuotesha kimea, hupunguza kile kinachozuia tumbo kunyonya zinki. Kuni au mkaa utakaookoa ni faida juu ya faida.

Vidonge vya zinki kwa dozi kubwa vinachefua tumbo na vikitumika muda mrefu hupunguza shaba mwilini, kwa hiyo mbegu za maboga zinatosha kuanzia. Vitamini A ya vidonge usiichezee kabisa, hasa kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Dozi kubwa hudhuru mtoto tumboni. Dawa za "kusafisha damu" zinazouzwa kwenye mabasi na simu zibaki hukohuko. Damu yako haina uchafu wa kusafishwa kwa chupa. Figo na ini vinafanya kazi hiyo bure. Na ndimu iwekwe kwenye kachumbari, isipakwe usoni. Inachoma ngozi, na ngozi nyeusi ikichomwa inaacha doa.

Mfungo na futari

Mwezi wa Ramadhani wengi hutegemea uso utulie kwa sababu mchana hawali, kisha wanashangaa vipele vinaongezeka. Tazama meza ya futari ya mwambao: tambi za sukari, kaimati zilizozama kwenye shira, uji mtamu, juisi ya jagi, kisha pilau. Sukari ya siku nzima inaingia kwa nusu saa kwenye tumbo tupu. Huna haja ya kuikosea meza heshima. Fungua kwa tende mbili tatu na maji. Tende, pamoja na utamu wake wote, zina 42 kwenye kile kipimo. Ukitoka kuswali, anza na supu au kunde, samaki na mboga, kisha magimbi au muhogo wa nazi. Kaimati chukua mbili mwishoni, si mwanzoni. Daku liwe na kitu kinachokaa tumboni, kama maharage ya nazi au mayai, na chai isiyo tamu.

Jinsi ya kujua kama inafaa

Chunusi unayoiona leo kwenye kioo ilianza kujengeka chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita. Kwa hiyo siku kumi za kula vizuri hazikuambii kitu. Jipe wiki 12. Piga picha ya uso siku ya kwanza, karibu na dirisha, bila kipodozi, kisha kila baada ya wiki mbili mahali palepale na saa ileile. Hesabu vipele vilivyo hai tu. Madoa meusi yasiingie kwenye hesabu, kwa sababu kwenye ngozi zetu doa hubaki miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kufa, na watu wengi hukata tamaa wakihesabu makaburi. Wasichana walinganishe picha za siku zileile za mzunguko, maana wiki ya kabla ya hedhi mara nyingi huwa mbaya.

Badilisha kitu kimoja kwanza: vinywaji. Wiki ya nne ongeza suala la wanga. Ukibadilisha kumi kwa mpigo, hutajua kipi kilikusaidia na utabaki umefungwa na vyote maisha yako yote. Usitumbue. Na ukila keki ya harusi ya binamu yako, umekula keki; kesho endelea.

Kwa mzazi nina neno moja. Usimwekee mwanao sahani yake ya adhabu huku wadogo zake wanakunywa soda mbele yake. Badilisha chakula cha nyumba nzima, kimyakimya. Na ukiona binti amepunguza milo, anapima uzito kila siku na kuogopa kila kitu kwa jina la chunusi, simamisha zoezi hilo mara moja. Uso wenye vipele ni afadhali mara mia kuliko mtoto anayejinyima.

Wakati wa kwenda hospitali

Usingoje wiki 12 ziishe kama una mabonge yanayouma, kama zinaacha mashimo au makovu yaliyoinuka, kama zimekuja ghafla ukubwani, au kama zinakufanya usitake kutoka nje. Zipo dawa zinazofanya kazi, kuanzia jeli ya benzoili peroksaidi na krimu ya adapalini hadi za kumeza. Madaktari bingwa wa ngozi wengi wako mijini, lakini kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha hata matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo uliza kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huenda yupo mmoja. Mpelekee picha zako, majina ya kila unachopaka, pamoja na kile cha kupimiwa kwenye kikopo kisicho na lebo, na kila unachomeza.

Ukiandikiwa doksisaiklini, meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, baada ya kula, na usijilaze kwa nusu saa. Ikikwama kooni inaunguza. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia viachanishe nayo kwa saa mbili hivi, kwa sababu huizuia isiingie mwilini. Isotretinoini, ile ya chunusi sugu, ni kinyume: inahitaji mlo wenye mafuta ndipo inyonywe vizuri, haichanganywi na vidonge vya vitamini A, na mwanamke haanzi hadi apimwe na kuthibitika hana mimba, na asishike mimba kwa muda wote anaoitumia wala katika mwezi unaofuata baada ya kuiacha.